Filamu ya Ufuoni Katika Kanisa la Gatuanyaga

Sisi tuliokulia Gatuanyaga siku zile maji yakiletwa kwa punda, tulikuwa watu wa kushtuka upesi. Tulicheza bano, zile gololi za kioo, kwenye vumbi mpaka magoti yakawa meupe, tukala githeri ya mahindi na maharagwe iliyolala, na kuoga kulikuwa Jumamosi, beseni moja, watoto wote, mdogo akiwa wa mwisho. Mdogo nilikuwa mimi. Watoto wa siku hizi wanaoga asubuhi na jioni na bado wanalalamika kwamba maji ni baridi.

Filamu tulikuwa hatujaona hata moja. Basi Kamau, kiongozi wa vijana kanisani, alipoazima mashine ya sinema kutoka chuo fulani cha Thika, ilibidi kwanza aombe ruhusa kwa baba yangu, aliyekuwa mzee wa kanisa. Baba alimuuliza filamu yenyewe ina nini. Kamau akasema ni vijana wanaimba kando ya maji, mwanzo mpaka mwisho, hakuna vita wala ulevi. Baba akawaza ubatizo. Akaitangaza mwenyewe mbele ya waumini, kwa furaha, maana wiki iliyofuata sinema wazee wangemchagua mwenyekiti wao, na kiti hicho alikuwa amekitamani miaka mingi. Nyumbani sote tulijua.

Jumamosi mchana madirisha yalizibwa kwa magunia, shuka jeupe likatundikwa ukutani, kina mama wakaketi mbele. Picha ikawaka. Wakatokea wasichana na wavulana wakikimbilia baharini, wamevaa vipande vya nguo ambavyo hata vingeshonwa pamoja visingetosha kitambaa cha kichwa cha mama mmoja. Macho yalitutoka. Mimi, nitasema ukweli, kilichonishtua zaidi ni maji. Walirushiana maji bure tu, wakicheka, na hakuna mzazi aliyetokea kuwachapa. Halafu katikati ya ugomvi wavulana wawili wakaanza kuimba, na watu wote ufuoni wakawa wanayajua maneno na kucheza sawasawa, kama waliofanya mazoezi ya kwaya mwaka mzima.

Baba aliruka. Hakujua mashine inazimwaje, na Kamau alikuwa ameganda. Basi akavua koti, akalishika mbele ya shuka ili afunike miguu ya msichana mmoja. Msichana akacheza kuelekea kushoto; baba akamfuata. Wakaja wengine upande wa kulia. Baba akakimbia na koti lake. Hapo ndipo kiliposikika kicheko kirefu, cha kukosa pumzi. Alikuwa mama yangu.

Baba aligeuka akamtazama, wasichana wakiendelea kucheza kwenye shati lake. Kisha akashusha koti, akaenda kuketi kando ya mama, na filamu ikaendelea hadi mwisho.

Wiki iliyofuata wazee walikuja nyumbani. Walisema kiti bado ni cha baba, ila mama asimame Jumapili aombe msamaha kwa kuchekelea uchafu kanisani. Mama alikubali. Hata nguo ya kuvaa alikuwa ameshaipiga pasi. Lakini ibadani, kabla hajainuka, baba alimshika mkono na kusimama yeye.

"Tangu tuzike kijana wetu Njoroge, sijasikia huyu mama akicheka," alisema. "Mimi siwezi kumwambia aombe msamaha kwa hiyo. Kiti mpatieni mtu mwingine."

Wakampa mwingine. Sikuwa nimewahi kumsikia baba akilitaja jina la kaka yangu mbele ya watu, na sikumsikia tena.

Siku hizi naishi Ruiru. Binti yangu anatazama filamu kama ile kwenye simu, vidude masikioni, na nyimbo anaziruka. "Zinachelewesha stori, Dad," aliniambia juzi, nami nikashtuka kuliko nilivyoshtushwa na yale maji. Kaka yake ana simu yake chumbani, mama yao ana yake jikoni. Hakuna anayetukataza kutazama chochote, na hakuna anayejua mwenzake anatazama nini. Nilikaa sebuleni peke yangu nikajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho nilimsikia mke wangu akicheka mpaka akose pumzi. Nilishindwa.