Neno Nililowachagulia Watu wa Kamba

Jamani, habari hii nimeificha hata kwa mke wangu, maana aibu yake bado inanichoma, lakini kwa kuwa leo mmenibana, basi sikilizeni.

Wakati ule wa Wabelgiji nilikuwa karani kijana gatini Kindu, mwenye kaputula nyeupe ya pasi na kiburi kikubwa (nilisoma kwa mapadri, nani angeniambia kitu?), na siku moja mzungu wetu mkubwa akaniita, akasema vikosi vya winchi vinapiga kelele kila kimoja kwa maneno yake, watu wa Punia hivi, wa Obokote vile, kwa hiyo nichague maneno machache ya amri yatumike na wote. Nikaandika "inua", nikaandika "shusha", halafu kwa kusimamisha mzigo nikaandika "acha". Kapita wa winchi, yaani msimamizi wao, Mzee Ramazani, aliposomewa orodha akakuna kichwa.

"Karani, hii acha iko mbili. Iko ya kusimama, iko ya kuachia kamba. Muntu atajua namna gani?"

"Atajua tu, mzee," nikamjibu, bila hata kuinua macho.

Wiki ileile mzungu akaleta wageni kutazama kazi, nami nikapanda juu ya pipa na karatasi yangu. Melini, kwenye stima, kulikuwa na kasha la mashine ya kukoboa mpunga, zito ajabu. "Inua!" Likapanda vizuri, wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika, nami nikavimba, kumbe Amisi, mtoto wa kwanza wa Mzee Ramazani, ameingia chini ya kasha kunyoosha gogo la kulilazia.

"Acha!" nikapiga yowe. "Acha! Acha!"

Wanaume wanne walioshika kamba ya winchi wakaiachia.

Gati lote lilitikisika, vumbi likafunika kila kitu, na mimi juu ya pipa nikaona jela, nikaona kiboko, nikamwona mama yake Amisi akija mbio, na hapo hapo nikahisi maji ya moto yakishuka mapajani (ndiyo, kaputula nyeupe, mbele ya wageni na mama wauza samaki). Kisha Amisi akatokea upande wa pili, shati limepasuka mgongoni, hana hata mkwaruzo.

"Nani alisema acha?" mzungu akanguruma.

Watu wa kamba wakanitazama, wakatazama kaputula. Ndipo Mzee Ramazani, ambaye mtoto wake ametoka mlangoni mwa kifo, akasema taratibu (njo kwetu ni ndiyo), "Bwana, kamba njo ya zamani. Iliteleza."

Mzungu akaguna, akaondoka na wageni wake. Mzee akavua kitambaa chake cha shingo, akanipa nijifunge kiunoni.

"Kesho utakuja kukaa na wenye kamba," akaniambia. "Wao njo watasema maneno."

Nikaenda. Wakachagua "ngoja" ya kusimama na "legeza" ya kuachia kamba, wakakataa hata "achilia", kwa sababu kwenye kelele za winchi sikio hushika mwanzo wa neno tu. Mimi niliandika, basi.

Tangu siku hiyo nimeapa: simpi mtu neno la kufanyia kazi mpaka yeye mwenyewe aniambie anasikia nini ninapolitamka. Amisi sasa ana wajukuu, tukikutana sokoni ananisalimia kwa heshima zote, na mimi, kila mara, ninatazama chini.