Vipande Viwili vya Plastiki, Koboko hadi Arua

Niliondoka Koboko kwa sababu ya kuvu. Bamia za shangazi Zaitun na wenzake, zile za kukausha na kusaga kwa mchuzi, zilikuwa zimeoza mara mbili ndani ya kibanda chao cha plastiki cha kukaushia kwa jua. Zikioza mara ya tatu, kikundi kingevunjika. Muuza plastiki alikuwa na aina mbili za kukifunika upya, na alitaka jibu kesho yake. Nikatumwa na vipande viwili kwa Madamu Ezaru, mpimaji wa maabara ya kilimo Arua, aliyesoma na shangazi. Shule ilikuwa imefungwa, na nadhani nyumbani walitaka kupumzika.

Alfajiri shangazi alinipaka mafuta ya simsim mpaka nikang'aa kama sufuria mpya. Kwetu mtoto haendi mjini na ngozi kavu, watu watasema kuna njaa.

"Usiguse vitu ya watu," akasema. Asingesema, nisingefikiria.

Tulipopita Maracha nilikuwa juu ya lori la tumbaku. Vumbi lilipenda yale mafuta. Nikashuka Arua nikiwa na rangi ya barabara.

Saa nne nilinawa uso tu, nikaingia maabara. Mashine ya Madamu hupitisha mwanga wa joto, usioonekana kwa macho, ndani ya plastiki. Pale plastiki inapoumeza, kalamu inachora shimo. Lakini kwanza mashine yenyewe hujaribiwa kwa kipande cha polistireni, plastiki ya majaribio ambayo mashimo yake yanajulikana: moja lazima likae kwenye namba 1601.

Madamu alipotoka kuwasha jenereta, nilikichukua kile kipande nikakiweka machoni kama miwani, nione yasiyoonekana. Niliona ukuta.

Madamu akarudi, akakitia mashineni, kalamu ikachora. Shimo la 1601 lilikuwa limesogea kidogo, na karibu na 1745 palikuwa na shimo lisilo na mwenyewe.

"Kusogea mimi nafunga na skrubu," Madamu alisema. "Lakini hii ingine siijui. Mashine iko mgonjwa. Ambia Zaitun angojee fundi wa Kampala."

Fundi huyo huja akijisikia. Nikaziona bamia zikiota ndevu.

"Madamu, mimi nilishika."

"Na mikono gani?"

Nikamwonyesha. Akanusa vidole vyangu.

"Simsim. Zaitun bado napaka watoto kama chapati?"

Alifuta polistireni kwa spiriti, na vipande vyangu pia. Shimo la 1745 likatoweka. Akazungusha skrubu mpaka 1601 ikakaa mahali pake, ndipo akapima plastiki zetu: laini iliupitisha ule mwanga wa joto, ngumu iliumeza.

"Hii laini, jua nazama, joto nakimbia yote inje. Bamia nalowa. Hii ngumu nashika joto. Chukua hii."

Jioni, Koboko, shangazi aliushika mchoro juu chini.

"Iko hakika?"

Nikamweleza yote, na vidole vyangu. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamtumia muuzaji jibu: ile ngumu.

Nilijifunza kwamba kusema "ni mimi" kunachukua muda mfupi kuliko kumngoja fundi wa Kampala. Siku ya nne baada ya kufunga plastiki mpya, shangazi alinipa bamia moja kutoka kibandani. Niliikunja, ikavunjika kwa mlio, kavu mpaka ndani.