Sarafu Zilizosuguliwa kwa Majivu

Miaka ile maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa redio na viatu vya kila namna, mimi nilikuwa nahangaika na sarafu. Nilikuwa karani mjini, nikiishi Area D, na kila chenji niliyorudishiwa niliigeuza kutafuta zile za ukumbusho wa uhuru. Nilijifunza kuzipima kwa macho. Kwanza sehemu zilizoinuka, nyusi na shavu za ule uso uliochongwa, maana ndizo zinazolika mapema kwa kupita mikononi. Kisha herufi za pembeni, halafu ule mng'ao wa kiwandani, ambao ukishapotea haurudi.

Mchumba wangu aliponipeleka Majengo kwa mama yake, muuza nafaka, nilijiandaa kwa maswali ya ukoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nasikia unapenda hela za zamani."

Akaweka sinia mezani. Sarafu zake za ukumbusho, alizozitunza miaka mingi, zilikuwa zinawaka kama sufuria za harusi. Zilikuwa zimesuguliwa.

"Jana nimeshinda nazo," alisema kwa furaha. "Majivu na limau. Haya, zipe maksi."

Mchumba wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nilitamani kusema ni nzuri, yaishe, tule wali. Lakini mama alikuwa ananitazama machoni.

"Mama, zilikuwa nzuri sana," nilisema. "Ila majivu yamezikwaruza. Ona vimistari hivi shavuni. Afadhali zingebaki na weusi wake."

Mchumba akaanza kukohoa. Mama akaipeleka moja dirishani kwenye mwanga, akaigeuzageuza, kisha akaangua kicheko mpaka ushungi ukamteleza.

"Kumbe nimezichuna ngozi!"

Akaingia chumbani, nikasikia droo ya cherehani ikivutwa. Akarudi na moja aliyoisahau humo. Ilikuwa imelika kidogo kwenye nyusi tu, herufi zote kali, mng'ao bado umejificha kandokando ya maandishi. Nikamwambia sijawahi kushika iliyo bora kuliko hiyo. Akaiweka kiganjani mwangu, akanifumba vidole.

"Yako. Huyu mwanangu kila nikipika anasema tamu tu. Njoo jikoni uonje mchuzi, uniambie ukweli."

Chumvi ilikuwa imezidi. Nikamwambia. Akaongeza maji, akanikabidhi mwiko, akavuta kigoda na kuanza kuniuliza habari za kwetu.