Soya Isiyongoja Matanga

Shamba la majaribio lilikuwa la mke wangu, si langu. Nalisema mapema kwa sababu huku Kabambare mwanaume akizungumzia shamba watu hudhani ni lake. Chama cha wamama cha kijiji chetu kilipoulizwa ni nani atajaribu aina tano za soya, ili wengine wajue ipi ya kupanda, wote walimtaja yeye. Alikuwa mtu wa kupima. Hata chumvi aliipima kwa kifuniko cha chupa.

Agronomu, yaani bwana shamba, alitoka Kasongo kwa pikipiki, akamletea mbegu katika mifuko mitano midogo. Mke wangu alifunga mafundo kwenye kamba, akagawa shamba vipande vitano vinavyolingana, na mbele ya kila kipande akachomeka kijiti chenye namba. Kazi yangu ilikuwa kulima pale anaponionyesha. Namba moja, tatu na nne hakuwa na neno nazo. Ya tano aliiita mvivu, maana wenzake walipotoa maua yenyewe ilikuwa bado inaongeza majani tu. Aliyoipenda ni ya pili. Iliwahi kukomaa kuliko zote, na punje yake ilikuwa kubwa, nyeupe. Kila mama aliyepita njiani akielekea Wamaza alisimamishwa aione.

“Musihangaike kuchagua,” aliwaambia. “Mutapanda ya pili.”

Homa ilimshika wakati maganda ya ile ya pili yanaanza kukauka. Siku ya tatu tulimpandisha pikipiki kwenda hospitali, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nikimshikilia. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Tulipokuwa tunavuka daraja la magogo alilaza kichwa begani kwangu akasema, “Ile ya pili usiiache ipite juma hili. Itapasuka.”

Nikamjibu, “Nyamaza, upumzike.”

Hakusema neno lingine kuhusu shamba, na mimi sikumpa jibu lingine. Alifariki hospitalini kesho yake asubuhi.

Kwetu mtu akifa, kijiji kizima kinaweka jembe chini mpaka azikwe. Aliyefiwa na mwenzake haingii shambani hata baada ya mazishi, mpaka matanga yaondolewe. Anakaa, watu wanakuja, wanakaa naye. Nilikaa. Jua lilikuwa kali kila siku, na kila siku nilikumbuka ile soya. Ningeweza kumtuma mtu. Wakwe walikuwepo, majirani walikuwepo, na hakuna mila inayokataza kutuma. Kilichonizuia ni aibu. Niliona nikifungua kinywa kuuliza habari za maganda ya soya huku watu wanamlilia, watasema huyu hakumpenda. Basi nikanyamaza, juma likapita, na jingine likaanza.

Matanga yalipoondolewa nilikwenda. Nilisikia kabla ya kuona: ta, ta, ta, maganda ya mwisho yakipasuka juani. Ya pili ilikuwa imebaki mashina na maganda yaliyojikunja, punje zote chini. Ya kwanza na ya nne zilikuwa zimemwaga karibu zote. Ya tatu, nusu. Mvivu peke yake alikuwa amesimama na maganda yake yamefumba, kana kwamba hakuna lililotokea.

Agronomu alituma habari kwamba atakuja kupima na wamama wachague. Nikavuna zilizobaki, kila namba na mfuko wake. Siku moja kabla hajafika nilimkuta shemeki yangu, mdogo wa marehemu, amepiga magoti shambani anaokota punje kwenye udongo. Alikuwa ameshajaza kapu.

“Shemeki, unafanya nini?”

“Naokota soja ya dada.”

“Hapo ulipo ni kwenye ya kwanza.”

“Ya kwanza, ya pili, ndege walishaichanganya, upepo ulishaichanganya. Nyeupe zote natia kwa ya pili.” Hakuinua uso. “Dada alisemaka mbele ya watu wote kwamba ya pili ndiyo itashinda. Kesho wamama wakute mufuko uko bure? Wamucheke akiwa kaburini?”

“Hawatamcheka.”

“Weye uliiacha imwagike. Sasa uniache nikusaidie.”

Ilikuwa kweli. Tulibeba lile kapu pamoja mpaka nyumbani. Alizitia punje zote kwenye mfuko wa pili mbele ya macho yangu, na mimi sikumzuia.

Kesho yake wamama walikuja wote. Agronomu akatundika mizani kwenye tawi, akaanza na mfuko wa kwanza. Alipoutundika wa pili, mshale ulishuka, wamama wakapiga vigelegele. Shemeki alifuta macho. Agronomu alikuwa ameshaweka kalamu kwenye daftari.

Nikasema, “Usiandike.”

Nikawaeleza. Kwamba ule mfuko una punje za kuokotwa, na nyingi si za namba hiyo. Kwamba ni mimi niliyechelewa kuvuna. Shemeki alinitazama mara moja, akageukia upande mwingine.

Agronomu alifunga daftari taratibu. Alisema shamba hili halipimiki tena, kilo zitatoka kwenye mashamba ya majaribio ya vijiji vingine. Lakini wamama wanaweza bado kuchagua kwa macho yao. Akaweka sahani tano mbele ya vijiti vitano, akampa kila mama punje moja ya mahindi aitie kwenye sahani ya soya anayoitaka.

“Ila musiharakishe,” aliwaambia. “Ya tano ilichelewa kukomaa. Pengine ndiyo sababu haijapasuka.”

“Agronomu,” akasema mama prezidanti wa chama, “tangu tupande hii soja, tumekaa kilio mara ngapi?”

Wamama wakaanza kutaja. Mtoto wa huyu. Mzee wa kule mtoni. Yule aliyefukiwa na shimo la dhahabu Salamabila.

“Na kila mara jembe linalala. Sasa tuchukue mbegu isiyojua kungoja watu watoke kilio?”

Mmoja wa nyuma akaongeza, “Hiyo ya pili iko kama bwana wa Salamabila. Akikukosa nyumbani siku moja, amekwisha kwenda kwa mwingine.”

Wakacheka kwa nguvu. Kisha wakakumbuka walipo, kicheko kikakatika, na yule aliyesema akaziba mdomo kwa kitenge.

Walipita mbele ya sahani mmoja mmoja. Punje zao zikaingia katika ya tano. Hata ya shemeki. Aliitupa mle bila kuangalia.

Agronomu akanijia na punje moja mkononi. “Hii ni ya mwenye shamba,” akasema. “Utamuchagulia?”

Mimi mwenyewe, kama ningeulizwa, ningeitia kwenye ya tano. Mama prezidanti alisema kweli, na maisha yetu ndiyo hayo. Lakini sikuulizwa mimi. Nikasimama mbele ya wamama.

“Ya pili haina kosa,” nikawaambia. “Aliniambia siku yake ya kuvunwa. Aliniambia tukiwa kwenye pikipiki. Mimi ndiye sikwenda.”

Niliinama nikaiweka ile punje kwenye sahani ya pili, ikalia kidogo kwenye bati.

Agronomu alihesabu sahani zote, akaandika. Kwenye ya pili akaandika moja, akauliza aandike jina la nani. Nikamtajia la mke wangu.

Wamama wakanipa mkono mmoja baada ya mwingine, kama siku ile ya mazishi. Shemeki alikuwa wa mwisho, akanishika muda mrefu. Kisha wakaenda wote kugawana mbegu ya tano.