Damu Tuliyoiita Kichocho

Fundi wa mitumbwi wa Ujiji, ambaye nimepata kumtaja mara moja mbili katika safu hii, tulimzika Jumanne. Waombolezaji walisema ni kazi ya Mungu. Sikatai, lakini nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo inanihusu mwenyewe.

Marehemu alikuwa mbishi. Siku moja tajiri wa dagaa alimletea boti inayovuja, akataka ufa ukalafatiwe, uzibwe upesi kwa pamba na kupakwa rangi, maana kesho yake boti inaingia ziwani. Fundi akang'oa ubao mzima. "Mzee, unaniharibia chombo!" tajiri akalalamika. "Kimeshaharibika," fundi akajibu. "Nikiziba nisichokiona, nitawazamisha watu wako." Nyuma ya ubao ule mbao zilikuwa zimeoza, kidole kinapita.

Mtu huyo huyo alipoanza kukojoa damu, hakuna aliyeng'oa ubao. Sisi watu wa ziwani tuna ujuaji wetu wa kijinga: umekulia majini, ukikojoa damu ni kichocho tu, habari imekwisha. Kwenye zahanati walimtazama usoni, wakampa vidonge vya kichocho. Damu ikakata, ikarudi, wakampa vingine. Aliponieleza tulikuwa tunakunywa kahawa, nami nikamcheka: "Fundi, nani hapa hajapata kichocho?" Akacheka pia. Miaka miwili tukamkalafati hivyo hivyo.

Hatimaye alipopigwa picha ya tumbo, figo ya kushoto ilikuwa na uvimbe wa ukubwa wa ngumi. Alipasuliwa mbali na nyumbani, figo yote ikaondolewa. Alirudi na mshono mrefu ubavuni, akakaa wiki kadhaa akitembea ameinama, kisha akashika tena tezo kuchonga mbao. Tukashangilia kwamba amepona. Kumbe saratani ilikuwa imeshatangulia mapafuni.

Mara ya mwisho nilipomtembelea nilimwomba radhi. "Mwalimu," akasema akihema, kwani aliniita hivyo tangu nimfundishe mwanawe, "hata mimi nilijiziba."

Hapana, sikubali. Yeye alikuwa mgonjwa. Kutafuta chanzo cha ile damu ilikuwa kazi ya waliomtibu, na kumhimiza ilikuwa kazi yetu tuliojiita rafiki zake. Anayekojoa damu apimwe mkojo na figo zitazamwe, hata kama amezaliwa ndani ya mtumbwi. Na wewe msomaji, mtu akikueleza habari hiyo kwenye kahawa, usicheke. Mimi nilicheka.