Kutia Mpini Si Kufua Jembe

Ipo siku moja isiyonitoka akilini, mwanangu, ingawa mengi niliyoyajua vizuri yameshanikimbia. Ni siku niliyomfuata mama shambani kumwomba aseme neno moja tu mbele ya afisa wa serikali, naye akanikatalia. Nilikuwa kijana mwenye nguvu, nina kibanda changu cha useremala pale sokoni Suneka, na kama vijana wengi wenye kibanda, nilidhani hakuna mtu wa kunifundisha kitu. Usicheke. Na wewe nimekusikia juzi ukibishana na mwalimu wako.

Ngoja kwanza nikueleze kilichonipeleka huko shambani. Wakati ule nchi zetu tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, zilikuwa na jumuiya yao ya kwanza. Katika makubaliano yao, kitu kilichotengenezwa ndani ya nchi hizo kilivuka mpaka kwa masharti mepesi, na kilichotoka ng'ambo kilikuwa na masharti yake mazito. Lilikuwa jambo la busara. Jirani akitoa jasho lake, usimlipishe mlangoni kama mgeni.

Sasa rafiki yangu Mogaka, niliyetahiriwa naye mwaka mmoja, alikuwa mtu wa biashara ambaye miguu yake haikujua kupumzika. Alinunua vichwa vya majembe katika duka la familia moja ya Kihindi mjini Kisii, vichwa vilivyotoka ng'ambo vikiwa na chapa ya kiwanda cha huko. Akaniletea kibandani. Kazi yangu ilikuwa kuvitia mipini, kuvipaka rangi nyekundu mpaka ile chapa isionekane, na kuvifunga kwa kamba ya katani. Mnunuzi alikuwa upande wa pili wa mpaka, huko Tarime, Tanzania. Mogaka alitaka yavuke kama majembe ya Kenya, kwa yale masharti mepesi.

Nami nikaona sawa. Wala sikuona kama ninadanganya, mwanangu, na hapo ndipo penye hatari. Mwizi anayejua anaiba unaweza kumwonya. Mimi niliamini kabisa kwamba majembe yale ni yangu. Chuma kitupu kisicho na mpini hakilimi hata tuta moja. Nani basi alikifanya kuwa jembe, kama si mimi? Niliyarudia maneno hayo mpaka nikayapenda, maana kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Tena nilikuwa na sababu ya kuyapenda. Kazi ya madawati ya shule ilikuwa imekwisha. Bila ile kazi ya Mogaka kibanda kingefungwa, na mimi na wenzangu wawili tungepanda basi kwenda Kericho kuchuma chai ya watu. Nilikuwa nimeapa sitakwenda.

Afisa wa mjini akasema atakuja mwenyewe Suneka kuona majembe yanakotengenezwa, na atawauliza watu wa pale kabla ya kutoa cheti cha kuonyesha bidhaa imetengenezwa wapi. Mogaka akanishika bega. "Mlete mama yako," akaniambia. "Yule mama akisema kitu, hata chifu ananyamaza."

Alisema kweli. Mama Bosibori alikuwa mzee wa kanisa la Sabato ambaye watu walimpelekea ugomvi wao kabla ya kuupeleka barazani. Nami namwita mama, lakini hakunizaa. Aliyenizaa ni Kerubo, mke mdogo wa baba yangu, aliyefariki nikiwa bado natambaa. Bosibori, mke mkubwa, akanichukua akaniingiza nyumbani mwake pamoja na wanawe wanne. Bomani kila mtu alijua, nami nilijua, na hakuna aliyenong'ona juu yake.

Nilimkuta asubuhi akipalilia wimbi kwenye shamba la chini, karibu na kijito. Tuliongea Kigusii, bila shaka, lakini nakupa maneno yake kwa Kiswahili maana wewe Kigusii chako ni cha kuombea maji tu.

"Mama, kesho kuna mgeni sokoni. Njoo umwambie kwamba yale majembe tunayatengeneza sisi."

Akanyooka polepole, akaegemea jembe lake. "Mnayatengeneza?"

"Ndiyo, mama."

"Siku hizi mnafua chuma? Mbona sijaona moshi?"

"Chuma tunanunua. Lakini chuma bila mpini si jembe. Mtu akikupa kichwa kitupu, utalimia nini?"

Akacheka. "Hapo umesema kweli," akasema, na mimi moyoni nikajua nimeshinda. Kisha akaninyoshea lile jembe alilokuwa akilitumia. Lilikuwa limelika na udongo mpaka limebaki dogo kama kiganja cha mtoto. "Shika. Hili ni la nani?"

"Ni lako."

"Ni la Kerubo. Aliletewa na kaka yake alipoolewa hapa. Mpini wa kwanza ulivunjika kabla hujaota meno. Wa pili uliliwa na mchwa. Huo ulioushika uliutia wewe mwenyewe ulipoacha shule. Nimelitia mipini, nimelinoa, nimeliosha matope miaka yote hii. Bado ni la Kerubo."

Nikatazama chini, nikaona wimbi, nikaona udongo, na sijui kwa nini nikauliza kuhusu shamba lenyewe. Labda nilikuwa natafuta njia ya kubadilisha mazungumzo.

Mama akakaa juu ya kichuguu, akaniambia jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenieleza. Unajua desturi yetu ya zamani. Kila mke ana nyumba yake, na kila nyumba ina mashamba yake, na wana wa nyumba hiyo ndio wanaoyarithi. Kerubo alipofariki aliacha shamba hili la kijitoni na mtoto mmoja anayetambaa. Baba zangu wadogo wakamjia Mama Bosibori. Wakamwambia, wewe una wana wanne na ardhi yako haitoshi. Sema mtoto huyu ni wa nyumba yako, na shamba la marehemu liingie kwako.

"Wakaniambia si uongo mkubwa," mama akasema. "Wakasema, unamlisha, unamwogesha, unampaka mafuta, unamvisha. Amebakiza nini huyu mtoto kuwa wako?"

"Ukawajibu nini?"

"Niliwajibu kwamba kumwogesha mtoto si kumzaa. Nikasema nyumba ya Kerubo haijafungwa, ina mwanamume ndani, ingawa bado anatambaa. Nikachukua jembe lake nikaja kulima shamba lake, ili mtu asije akasema limekuwa pori halina mwenyewe."

Maneno hayo yalinichoma, mwanangu. Mtu mzima na ndevu zake, nikasema kama mtoto aliyenyimwa uji, "Kwa hiyo mimi si wako?"

"Mimi nilikulea," akasema. "Anayeweza kusema neno hilo juu yako ni mimi peke yangu. Kwa nini niliache langu la kweli nikaibe la marehemu?" Akanyosha mkono, nikamrudishia jembe, akarudi kwenye wimbi lake. Bila kugeuka akaongeza, "Kesho nitakuja. Lakini nitasema ninachokijua."

Nilipanda ile njia ya kurudi sokoni nikiwa nimemkasirikia. Nisikufiche. Nilimkasirikia kwa sababu kibanda kilikuwa kinafungwa mbele ya macho yangu, na neno lake moja lingekiokoa. Lakini nilipofika njia panda hasira ilikuwa imechoka, na kilichobaki ni lile jembe dogo.

Kesho yake afisa akaja. Alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kinatiririka mpaka wenzangu wakaona haya kufungua midomo. Mogaka akampangia majembe yaliyong'aa zaidi. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi na kitambaa chake cha kanisani kichwani, mikono magotini. Afisa akamsalimia kwa heshima, akamwinamia.

"Shikamoo, mama. Hawa vijana wanasema majembe haya wanayatengeneza hapa. Wewe unasemaje?"

Mama akafungua kinywa. Nami nikaona siwezi kumwachia yeye mzigo huo, aonekane mbele ya soko zima ndiye aliyetuvunjia riziki. Nikasema, "Afande, vichwa vimetoka ng'ambo. Chapa iko chini ya rangi. Mipini ndiyo yetu."

Mogaka akanikanyaga mguu. Nilikuwa pekupeku na yeye alikuwa na viatu.

Afisa hakukasirika. Akachukua kisu, akakwangua rangi kidogo, akaitazama ile chapa, akatikisa kichwa taratibu. Akatueleza kwamba kutia mpini, kupaka rangi, kuosha, kufunga mafurushi, zote ni kazi halali na mtu alipwe kwazo, lakini katika makubaliano ya nchi hizi zinahesabiwa kuwa kazi ndogo. Hazibadilishi kitu kilikotoka. Kingekuwa chuma kimeyeyushwa na kufuliwa hapa, hapo angekuwa na neno jingine.

Kisha akaokota mpini mmoja uliokuwa bado haujatiwa kichwa, akaupima mkononi. "Na huu? Mti wake umetoka wapi?"

Hapo mama akasema, kwa kile Kiswahili chake cha sokoni. "Miti ni ya hapa chini, kijitoni. Mimi nilipanda, mpera na mkaratusi. Lakini shamba si yangu. Shamba ni ya Kerubo, mama ya huyu kijana."

Afisa akaugeuza mpini mara moja tena. "Basi mipini ni ya hapa tangu mzizini," akasema. "Kwa mipini peke yake cheti nitawapa leo hii."

Niliondoka nikaenda nyuma ya kibanda kana kwamba natafuta randa, nikalia. Kumbe miti niliyokuwa naikata miaka yote ile nikaidharau, nikaificha chini ya chuma cha watu, ilipandwa na mwanamke ambaye hakujivunia hata mti mmoja, kwenye ardhi aliyoilinda isiwe yake. Na mimi nilikuwa nimemfuata huko huko shambani kumwomba anisaidie kujiita nisivyo.

Mogaka hakunisemesha msimu mzima wa mvua. Baadaye alikwenda Tarime mikono mitupu, akamkuta mnunuzi akilalamika kwamba vichwa anavipata, ila mipini inavunjika kama bua. Akarudi akinuna, akaagiza mipini. Hatukutajirika. Mipini ilivuka kwa miaka michache mpaka jumuiya yenyewe ikavunjika na mpaka ukawa mgumu, ndipo tukageukia soko la Nyamarambe na Ekerenyo. Lakini Kericho sikwenda, na wewe umesomeshwa na mipini.

Sasa sikiliza, mwanangu. Siku hizi nawaona mnanunua kitu kilichokwisha kutengenezwa, mnabandika karatasi yenye jina lenu, mnasema ni chenu. Mnachukua maneno ya mwingine mnayapangua kidogo, mnasema mmetunga. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Ukikiona kitu, jiulize nani alikiunda, na wewe umeongeza nini. Ulichoongeza kitaje bila haya hata kikiwa kidogo, maana bila mpini jembe halilimi, na hilo hata mama hakunibishia. Lakini usitumie kidogo chako kujitwalia jina zima. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na ukiivaa kwa muda mrefu unasahau kwamba nyumbani ulikuwa na yako. Mimi nilikuwa na shamba zima la mama yangu, na nilikuwa najitwalia kazi ya kiwanda nisichokijua.

Mama Bosibori amelala sasa kwenye shamba lake mwenyewe, miongoni mwa wanawe. Siku ya mazishi mchungaji aliniuliza nitambulishwe vipi mbele ya watu. Nikamwambia aseme, huyu ni mwana wa Kerubo, aliyelelewa na Bosibori. Wana wake wanne wakaitikia kwa kichwa, na mkubwa wao akanipa sepetu kabla hajaishika yeye.

Nenda na amani, mwanangu. Mungu akupe kitu chako mwenyewe, kiwe kikubwa au kidogo, na akupe moyo wa kukiita kwa jina lake. Na siku utakayoshika cha mwenzako, akupe mkono kama wa yule mama, wa kukitia mpini, kukinoa, na kukirudisha.