Siku Mama Mkwe Alipozikwa Kilolo

Nilifika Mbeya nikinuka dagaa. Lori lililonileta kutoka Kigoma lilisheheni magunia ya dagaa, na nafasi niliyopewa ilikuwa juu ya magunia hayo, chini ya turubai, pamoja na utingo aliyelala kama mtu aliyeajiriwa kulala. Mpanda tulikwama tukingoja springi. Sumbawanga mvua ikatukuta, maji yakapita kwenye turubai, harufu ikazidi. Tunduma nikamwuliza dereva kama Mbeya kuna baridi. Akaitazama fulana yangu, akasema, "Utajua mwenyewe."

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, leseni ya udereva, cheti cha kidato cha nne ndani ya mfuko wa nailoni, na ugonjwa wangu wa siku zote: nikikaa mahali mpaka mbwa wa jirani akaacha kunibwekea, miguu inaanza kuniwasha. Sikuwa namkimbia mtu wala kumfuata mtu. Lori lilikuwa linakwenda Mbeya, basi.

Asubuhi hiyo nilikuwa nasaidia kushusha magunia kwenye soko la Mwanjelwa niliposikia ugomvi. Mama mmoja mrefu, mweusi, amejifunga kitenge kizuri, alisimama mbele ya meza ya maparachichi. Muuzaji alikuwa amekunja mikono kifuani.

"Sikuuzii."

"Huniuzii kwa nini, mwanangu?"

"Nenda ukanunue kwa mkamwana wako uliyemtupia nguo nje! Mvua inanyesha, mtoto mgongoni! Halafu unakuja hapa kutafuta parachichi laini. Huoni aibu?"

Wanawake wa meza za jirani wakadakia: "Mwambie! Mwambie tena!"

Yule mama hakupandisha sauti. Alivuta pindo la kitenge akalibana kwapani, polepole, kisha akasema, "Nguo zenyewe alikuja nazo? Mwanangu ndiye aliyezinunua."

Soko likalipuka. Mimi mgeni nikaweka gunia chini, nikaingia katikati. "Dada," nilimwambia muuzaji, "ya nyumbani kwake yanakuhusu nini? Mwuzie mama wa watu aende zake."

Muuzaji akanitumbulia macho. Halafu watu wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Huyu katokea wapi? Kwao hakuna tivii?"

"Anko, utakufa na kesi isiyo yako!"

Yule mama naye alikuwa anacheka, na sauti yake sasa ilikuwa nyingine kabisa, nyepesi, ya mtu mpole. Akanieleza kwamba yeye ni mwigizaji. Kwenye tamthilia iliyokuwa ikionyeshwa kila wiki alikuwa Mama Mkwe, na tangu ianze hajawahi kununua kitu sokoni bila kusimangwa kwanza. Wakati anasema hayo, muuzaji alikuwa anamchagulia maparachichi mazuri kuliko yote ya mezani.

"Miaka yote hii hakuna aliyewahi kunitetea," aliniambia. "Unajua kuendesha gari?"

Ndivyo nilivyopata kazi ya kuendesha gari la vifaa: kamera, taa, jenereta, na mabegi ya nguo za waigizaji. Tulirekodi Mbeya na Iringa, kwenye nyumba za watu, mashambani, popote palipopatikana ruhusa. Yeye alipenda kukaa mbele na mimi, na barabara ile ni ndefu. Tulipopita Uyole alikuwa ameanza kusimulia, na Mafinga ilitukuta bado anasimulia.

Baba yake alikuwa Mhehe wa Kilolo, mtu wa mazingaombwe. Alizunguka shule za msingi akiwatoa wanafunzi utepe masikioni, mita kwa mita, walimu wakijifanya hawashangai. Mama yake alikuwa Mngoni kutoka Songea, mchekeshaji wa jukwaani, na walipokuwa na kikundi chao ni yeye aliyejaza kumbi. Kaka yake alipiga ngoma. Yeye mwenyewe alipanda jukwaani kabla hajaota meno, amefungwa mgongoni mwa mama yake katika mchezo wa mume mlevi. "Nililia pale palipotakiwa," aliniambia, "kwa hiyo wakanipa kazi." Alipofika miaka saba, baba yake alikuwa anamkunja kama shuka ndani ya sanduku la mbao na kulichoma kwa mapanga, watu wakipiga kelele, naye ndani anang'ata kanga ili asicheke.

Kisha zikaja kanda za video, kumbi zikapungua watu. Baba akafariki, kikundi kikasambaratika, kaka akaishia kwenye bendi za hotelini. Yeye akaigiza redioni, akaigiza michezo ya Krismasi kanisani, akaigiza filamu zilizouzwa kwenye makasha ya plastiki pale pale Mwanjelwa. Tamthilia ilipoanza walimwita acheze mama mkwe wa kupita tu, aje harusini, anune, aondoke. Alinuna vizuri mno. Wakambakiza.

Nimewaona waigizaji wengi kwenye kazi ile, na sijamwona wa kufanana naye. Wenzake wakitaka kuonekana wakali walipiga kelele. Yeye alishusha sauti. "Anayepiga kelele anaogopa," alisema. "Mtu mbaya kweli hana haraka." Tukiwa hatuna kazi alikwenda kukaa kwenye vikao vya harusi na foleni za zahanati, akitazama mikono ya wanawake. Humo ndimo alimopata vitu vyake: kubana kitenge kwapani kabla ya kusema uongo, kuonja chai ya mkamwana kisha kukiweka kikombe mbali, kama dawa, kukohoa mlangoni bila kuingia, mpaka aliye ndani ajue amekuja kukaguliwa. Baridi ya Juni Mbeya inauma hadi kwenye meno, na alirudia kukohoa mlangoni mara kadhaa, miguu peku kwenye saruji, mpaka kikohozi kikawa anachokitaka.

Kitu kimoja tu kilimnyima raha. Mama yake, ambaye sasa aliishi Kilolo kwenye nyumba ya marehemu mumewe, hakuwahi kusema neno juu ya kazi ile. Tulipokwenda kumsalimia, tivii ilikuwa sebuleni imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake pameegeshwa picha ya mzee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kamwene," akaongeza salamu ya Kihehe. "Huyu ndiye dereva? Mbona mwembamba, gari halimpeperushi?"

Alicheka na kila mtu, kikongwe mfupi, mnene, mwenye macho ya kuchokoza. Lakini bintiye akitaja tamthilia, alihamisha mazungumzo kwenye viazi. Siku moja bintiye akambana, naye akajibu, "Ile si kazi yetu. Sisi ukikosea, umekosea mbele za watu, jasho linakutoka, unatafuta njia. Nyie mkikosea mnarudia. Hata kuku angeigiza akirudishiwa mara kumi."

Njia nzima ya kurudi Iringa mjini mwigizaji wangu hakusimulia kitu. Tulipokaribia Ipogolo akasema, "Alinitazama nikiwa mgongoni kwake. Alinitazama nikiwa ndani ya sanduku. Nataka anitazame mara moja tu kwenye hii, aseme ni kazi." Mwanamke aliyekuwa anasimamishwa na watu wasiomjua kila mji alisema hivyo kama mtoto anayeomba maji.

Baadaye waandishi wa tamthilia wakaamua Mama Mkwe afe. Tulidhani atakasirika. Akasema, "Afadhali afe kuliko aokoke." Tatizo lilikuwa moja. Mwongozaji, kijana wa Dar es Salaam mwenye adabu na haraka nyingi, alitaka jeneza wazi, uso unaonekana, watu wanapita kuaga. Mwigizaji wangu akasema hawezi kulala humo bila baraka za mama yake. Basi tukaenda Kilolo, sisi watatu.

Mama hakumaliza hata kusikiliza.

"Mimi nikiwa hai, mwanangu halali kwenye jeneza. Hata la kuchezea."

"Mama, si mlinifungia kwenye sanduku, mapanga yanapita?"

"Sanduku lilikuwa na mlango wa nyuma. Jeneza lina mlango wa nyuma?"

Mwongozaji akajaribu. "Bibi, ni kuigiza tu."

"Unamfundisha nani kuigiza, mjukuu?" Aliendelea kumenya viazi. Kisha akauliza, "Huyo mnayemzika ni kabila gani?"

"Kwenye hadithi ni Mhehe."

"Na watani wake wako wapi?"

Kijana akafunua karatasi zake. Kulikuwa na waombolezaji, mzee wa kanisa, hotuba ya mtoto mkubwa. Watani hawakuwamo.

"Mhehe anazikwa bila Mngoni?" Kikongwe akaacha kisu. "Basi hamziki mtu. Mnapanda mti."

Nilikulia Kigoma, lakini hili nililijua. Mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu msibani, akatembea kama yeye, akaongea kama yeye, akamsema mabaya yake yote mbele ya wafiwa, nao wakajikuta wanacheka machozi yakiwa bado yanatiririka. Hakuna anayekasirika. Ni haki yake.

"Nisikilizeni," alisema. "Jeneza lifungwe. Tieni viazi vyangu, gunia zima, maana jeneza tupu bega linalitangaza. Na mtani nitakuwa mimi."

Bintiye alimtazama. "Mama, huyo mtu humjui. Hujawahi kumwona."

"Nitajua hapo hapo."

Mwongozaji akaanza kumweleza Mama Mkwe anavyoongea na anavyotembea. Kikongwe akamtuma akachote maji.

Siku ya kurekodi ukungu ulichelewa kuondoka kwenye miti ya mipaina. Majirani walikuja kuwa waombolezaji, na wengine walilia kabla ya kuambiwa. Wabebaji wanne walitoka na jeneza wamepinda kweli kweli, mmoja ananong'ona, "Marehemu alikula nini?" Mwigizaji wangu alikaa kando nami, karibu na jenereta, amejifunika blanketi ili asionekane kwenye picha.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Ndani yake, gizani, mtu akakohoa.

Hakutoka. Alikohoa tena, kile kikohozi cha kukagua, na waombolezaji wote wakageuka. Ndipo akatokea, mfupi, mnene, ndani ya nguo za mtu mrefu, kitenge kinaburuza. Nilitegemea kichekesho. Lakini alivuta pindo, akalibana kwapani polepole, na kwa muda huo alikuwa mrefu. Sijui namna nyingine ya kulisema. Akachukua kikombe kutoka kwa mwanamke mmoja, akaonja, akakiweka mbali kama dawa. Watu wakacheka. Mmoja akapiga yowe la msiba kabisa.

"Leo," akawaambia Wahehe waliozunguka jeneza, "mbwa wa Kilolo wamelala usingizi. Aliyekuwa anawahesabu amekwenda!" Wahehe hutaniwa kwamba hula mbwa; wakacheka zaidi, hata wabebaji, mpaka viazi vikasikika vikigongana.

Kisha akatulia. Akachukua sahani ya kufikirika hewani, akaiosha taratibu, akaifuta kwa pindo la kitenge, akanyoosha mkono kuirudisha kwenye kabati lisilokuwapo, na mkono ukabaki pale juu.

Vidole vya mwigizaji wangu vilinibana mkono. Ilikuwa ni sehemu ya zamani sana, kabla sijafika Mbeya: Mama Mkwe amemfukuza mkamwana, amebaki peke yake jikoni, anaosha sahani ya yule binti na kuirudisha mahali pake. "Ilionyeshwa mara moja tu," alininong'oneza. "Mwaka wa kwanza." Uso wake ulikuwa umelowa, naye hakuufuta.

Mwongozaji akasogea, akasema, "Bibi, nzuri sana. Tukirudia mara moja, kwa upande wa pili..."

"Mimi sirudii. Kama hamkunasa, mmekosa."

Walikuwa wamenasa.

Jioni, viazi vimetolewa kwenye jeneza vinachemka, bintiye alimkalia karibu. "Mama, ulikuwa unaniangalia tangu lini?"

"Nani amekuangalia? Wajukuu wanaweka sauti kubwa, mtu azibe masikio?" Akageuza viazi. "Ile ya sahani, ulifuta haraka. Mtu anayejuta hafuti haraka."

Sijawahi kuona mtu akipokea lawama kwa furaha namna ile.

Kipindi kilipoonyeshwa, muuzaji wa Mwanjelwa alimpigia kelele toka mbali: "Marehemu! Karibu parachichi!" Kampuni ikahamishia kazi Dar es Salaam na gari likaondoka nayo. Mwongozaji alinitaka niende. Yeye, mwigizaji, alikataa kwenda. Alirudi Kilolo, akasema yeye na mama yake wanatengeneza mchezo wa watu wawili, wa jukwaani, wataupeleka kwenye kumbi za kanisa na shule. Nami miguu ilikuwa imeshaanza kuwasha. Nilisikia kuna kazi ya malori Masasi.

Nilikwenda Kilolo kuaga nikiwa na begi langu. Niliwakuta uani wanafanya mazoezi, mama kwenye kigoda, binti amesimama mbele ya banda la kuku.

"Sauti!" mama alikuwa anafoka. "Umezoea kunong'onea kamera. Wa nyuma wamelipa kiingilio kama wa mbele!" Akaniona. "Dereva, umekuja wakati mzuri. Simama pale kwenye mahindi. Unamsikia?"

"Namsikia, mama."

"Rudi nyuma."

Nikarudi hadi kwenye ua. Binti akasema maneno yake, mkamwana anayemuaga mama mkwe wake. Mama akauliza kama nimesikia. Nimesikia.

"Rudi tena!"

Nilivuka ua na begi begani, nikapita shamba la jirani, kinyumenyume, nikijikwaa kwenye matuta, hadi nikasimama ukingoni mwa barabara. Walikuwa wadogo kule uani, mmoja mfupi mmoja mrefu. Basi la Iringa mjini lilitokea kwenye kona likapunguza mwendo.

"Unasikia?" kikongwe aliita.

Na kweli nilikuwa nasikia, kila neno, juu ya kelele za injini.

"Nasikia!" nilipiga kelele, nikapanda. Konda akauliza nagombana na nani. Wakati basi linaondoka, mama alikuwa ameshamkatiza, na mwanawe anaanza tena kutoka mwanzo.